Na Sisi Tulitoa: Manung'uniko ya Namawala

Kuna mchango ambao hatujawahi kuusikia ukisomwa kwenye taarifa ya mfadhili yeyote, nao ni mchango wa miguu yetu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini vijana wa Namawala, kijiji chetu cha Bonde la Kilombero, walikaa usiku kucha, suruali zimekunjwa hadi magotini, tochi mkononi, wakisubiri mbu watue kwenye ngozi zao. Mbu akitua, kijana anamvuta kwa mrija wa mdomoni na kumpuliza ndani ya kikombe cha karatasi kilichofunikwa wavu. Kila saa na kikombe chake, mpaka alfajiri. Vikombe vikapelekwa maabara ya Ifakara, mbu wakapimwa, na kutokana na kazi hiyo wanasayansi wakaandika kwamba mkazi mmoja wa Namawala alikuwa anang'atwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka.

Waliosoma takwimu hiyo huko mbali walishtuka. Sisi haikutushtua, maana tulikuwa tunazika.

Tunaikumbusha kazi ile leo kwa sababu maneno yanayotufikia tangu mwaka 2025 yanatutaja kama wapokeaji tu. Redio zinasema wafadhili wamechoka. Viongozi wanasema sasa tujitegemee. Wataalamu wanajadili mustakabali wa misaada kana kwamba duniani kuna watu wa kutoa na watu wa kupokea, basi, na kila mmoja amezaliwa upande wake. Bonde la Kilombero halikuwa hivyo. Tulitoa damu, tulitoa usiku wetu, tuliwatoa watoto wetu wakachomwa sindano za majaribio. Manung'uniko yetu yanaanzia hapo, na hatutaki yachukuliwe kuwa kilio cha mtu aliyenyang'anywa alichozoea kupewa.

Waulizeni wa Idete, majirani zetu. Mwaka 1993 watoto wa kule, wa kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, walichanjwa chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Dakta Manuel Patarroyo wa Colombia. Nusu yao walichomwa chanjo yenyewe na nusu sindano ya kulinganishia, na mzazi hakujua wa kwake yuko kundi gani. Karibu watoto 600 waliingia. Mwaka 1994 matokeo yakatangazwa kwamba chanjo imepunguza malaria kwa asilimia 31. Baadaye Gambia na Thailand wakaijaribu, hawakuona faida, chanjo ikaachwa. Hatulaumu, utafiti ndivyo unavyokwenda. Lakini mtoto aliyelia akichomwa sindano mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye watoto, na tukiulizana ni wachache wanaojua ile chanjo iliishia wapi.

Miaka michache baadaye, Ifakara, watoto wachanga walioletwa kliniki kwa chanjo za kawaida walipewa pia dawa ya malaria iitwayo SP, na malaria yao ya mwaka wa kwanza ikapungua kwa asilimia 59. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2001. Shirika la Afya Duniani likaja kuupendekeza utaratibu huo mwaka 2010, na nchi ya kwanza kuutumia kila mahali ikawa Sierra Leone. Tunafurahi kwa ajili ya watoto wa Sierra Leone, tena kwa moyo wote. Tunachonung'unikia ni kwamba jambo lililothibitishwa kwenye mapaja ya mama zetu likasafiri bahari nzima bila mtu kurudi hata siku moja kwenye mkutano wa kijiji kusema: asanteni, hiki ndicho mlichotupa.

Na kubwa kuliko yote ni neti. Watu wengi nchini wanaamini chandarua chenye dawa kilikuja kutoka nje kikiwa kimekamilika, tukapewa. Kilithibitishwa hapa. Kuanzia mwaka 1996 mradi wa KINET, kwa fedha za Uswisi na za serikali yetu, uliuza vyandarua na dawa ya kuvitia katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Tulinunua. Hilo nalo husahaulika: tulitoa shilingi zetu wakati wa mavuno, mpunga ukiwa umeshauzwa, tukanunua vyandarua dukani na dawa tukachovya wenyewe kwenye beseni. Mwaka 2001 ikaandikwa kwamba uwezekano wa kuishi kwa watoto waliolala ndani ya neti zile, wa mwezi mmoja hadi miaka minne, uliongezeka kwa asilimia 27. Ushahidi huo ni miongoni mwa yale yaliyoishawishi Tanzania na dunia kwamba neti zinafaa kusambazwa kwa mamilioni. Ikaja Hati Punguzo ya kununulia neti mwaka 2004 kwa mama wajawazito, zikaja kampeni za kugawa bure, ukaja mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria, ambao mwaka 2005 ulianza na nchi tatu tu, Tanzania ikiwamo. Huko Arusha kiwanda cha A to Z kikawa kinafuma neti za kupelekwa Afrika nzima. Biashara, ajira, vyeo vya wasomi, mikutano ya kimataifa. Mbegu yake ilichipua kwenye matope haya tunayolima mpunga.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba hata kukubali kutolewa damu hakukuwa rahisi. Maneno ya mumiani yalikuwepo, ya kwamba damu inauzwa, ya kwamba gari jeupe likija mficheni mtoto. Kuna waliokimbilia mashambani siku ya kupimwa. Waliobaki walibaki kwa sababu waliambiwa damu hii itasaidia watoto wa kesho, wakaamini. Kuamini ni kutoa pia.

Sasa tuje kwenye kilichotuudhi.

Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kabla hata siku hizo hazijaisha, tarehe 10 Machi, waziri wake wa mambo ya nje akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya shirika lao la misaada, USAID, imefutwa. Tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafungwa, mabaki yake yakaingizwa wizarani. Uingereza nayo mwezi Februari ilisema itapunguza misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027, fedha ziende kwenye ulinzi. Novemba, mjini Johannesburg, Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulikuwa unatafuta dola bilioni 18, ukaahidiwa bilioni 11 na kidogo. Huko Kigoma, wakimbizi wa Burundi na Kongo walikuwa wameshaonja mapema: mwaka 2023 mgao wao wa chakula ulikatwa hadi nusu.

Hayo yote tuliyasikia redioni, kama watu wanaosikia habari za mahali pengine. Hakuna aliyekuja. Mradi ulipokuja, watu walikuja na magari, wakaitisha mkutano mkuu wa kijiji, wakatueleza kwa saa mbili, wakatuomba ridhaa, wakatusainisha fomu. Mradi ulipokufa, haukuitishwa mkutano hata wa dakika kumi. Kama ridhaa yetu ilihitajika kuanza, kwa nini taarifa yetu isihitajike kumaliza? Mama anayekunywa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kila siku ana haki ya kujua kama mwezi wa sita zitakuwepo, na nani sasa anazilipia. Kuambiwa "msiwe na wasiwasi" si taarifa.

Msaada wa namna hii haukuja kama mfuko wa fedha anaokabidhiwa mtu mmoja. Fedha moja ililipa dawa mseto, nyingine ikalipa gari la kuzitoa bohari, nyingine ikamlipa kijana wa takwimu anayejaza rejista, nyingine ikatoa posho ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, nyingine vipimo vya haraka. Ukikata uzi mmoja katikati, dawa inaweza kuwepo nchini na isifike zahanati, au ikafika na asiwepo wa kuandika kwamba imekwisha. Waliokata hawakulazimika kujua hayo. Sisi tunayajua kwa sababu ndio tunaokaa kwenye benchi kuanzia saa moja asubuhi.

Wahudumu hao wa jamii ni majirani zetu, na jambo lao linatuuma kipekee. Kila mradi umewapata palepale: mama yuleyule, kijana yuleyule. Amefundishwa malaria na mradi mmoja, lishe na mwingine, uzazi wa mpango na wa tatu. Anapewa fulana, begi, pengine baiskeli. Mradi ukifungwa, posho inakoma lakini watu hawakomi kumgongea mlango usiku, mtoto ana degedege. Anaendelea bure. Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wenye utaratibu mmoja na posho. Tuliupokea kwa furaha, na bado tunautaka. Tunaomba tu usije ukaegemea mifuko ileile iliyotoboka, halafu tukaambiwa tena kuwa mradi umeisha.

Upo pia msemo mmoja unaotuchosha: kwamba watu wa mabondeni wanavulia samaki kwa neti za msaada, wanazungushia mabanda ya kuku. Tunaomba wanaosema hivyo waje wakae na sisi kuanzia Desemba hadi Juni. Hesabu ya kugawa ni neti moja kwa watu wawili, na kaya inaandikwa kijijini. Lakini msimu wa mpunga kaya inagawanyika. Baba na watoto wakubwa wanahamia shamba, kilomita kadhaa ndani ya mbuga, wanalala kwenye dungu wakifukuza ndege na kulinda mpunga dhidi ya wanyama. Mama na wadogo wanabaki nyumbani kwa ajili ya shule, au wote wanahama. Neti za kaya moja zigawanyike vipi kwa nyumba mbili? Ikienda shamba inachanika kwa miti na jua katika msimu mmoja. Iliyokwisha kabisa, ndiyo, inafunika bustani ya mchicha. Ungetaka tuitupe wapi? Watafiti wameandika miaka mingi kuhusu nyumba zetu za shamba. Bado fomu ya ugawaji ina mstari mmoja wa anuani.

Na mbu hawakusimama kutusubiri. Yule aliyekuwa akitutesa zaidi zamani, gambiae, amepungua sana, nyumba nyingi sasa zina bati na matofali, na maambukizi ya bondeni yameshuka mno kulinganisha na enzi za vikombe vya karatasi. Nchi nzima, maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalishuka kutoka karibu asilimia 15 mwaka 2015 hadi asilimia 8 mwaka 2022. Lakini aliyebaki hapa, funestus, ndiye anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi, na dawa iliyo kwenye neti za kawaida ameizoea. Zinahitajika neti za dawa mchanganyiko, ambazo bei yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo fedha zinapungua wakati uleule kazi iliyobaki inapohitaji fedha zaidi. Neti inahesabiwa kudumu miaka mitatu. Iliyogawiwa kabla ya 2025 inamaliza muda wake sasa.

Wengine wanatuambia: serikali zikijitoa, matajiri watajaza pengo. Tumelifikiria hilo, maana bonde hili limefadhiliwa na matajiri pia. Mei 2025 Bill Gates alitangaza kwamba taasisi yake itatumia dola bilioni 200 katika miaka 20 kisha ifungwe tarehe 31 Desemba 2045. Kwanza tuseme haki: mtu aliyetoa taarifa ya miaka 20 ametuheshimu kuliko waliotoa siku 90. Fedha zake zimesomesha vijana wa Kitanzania pale Ifakara, tunawajua, baadhi ni watoto wa bonde. Lakini tajiri hachaguliwi wala haulizwi. Akipenda malaria, malaria inapata maabara. Minyoo, kuumwa na nyoka, figo, mama anayejifungulia kwenye mtumbwi wakati barabara imekatika, hayo yanasubiri tajiri mwingine atakayeyapenda. Hatuwezi kumpigia kura, hatuwezi kumwita kwenye mkutano. Tunaweza tu kumwombea afya njema, na nchi haiwezi kupanga afya ya watu wake kwa kumwombea mtu mmoja afya njema.

Hata hivyo hatusemi misaada yote ilikuwa upepo. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara, mwaka 1957 pakajengwa maabara, mwaka 1961 ikaanza shule ya kufundisha waganga wasaidizi, kabla hata bendera ya Uingereza haijateremshwa. Mapadri Wakapuchini na masista walikuwa wameshaijenga hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Maabara ile ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, inayoongozwa na Watanzania wenyewe. Wachina walitujengea reli ya TAZARA katika miaka ya sabini kwa mkopo usio na riba. Waliondoka, reli ikabaki, na hata ikichechemea bado inapita Ifakara, Mbingu, Mngeta na Mlimba. Barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ilijengwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Uingereza, Marekani na serikali yetu. Ilichukua miaka mingi tangu 2017, tumekula vumbi lake mpaka Agosti 2024 Rais Samia alipokuja kuizindua, lakini ipo, mgonjwa anapita. Tofauti tunaiona kwa macho. Kilichoacha fundi na chuma kimebaki. Kilichoacha semina na bango kimepotea na bango lake. Pita kando ya barabara zetu uone mabango ya miradi yaliyoliwa na kutu, majina ya wafadhili hayasomeki.

Sasa manung'uniko yanayoturudisha nyumbani, na hapa hatutamficha mtu.

Aprili 2001, Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Miaka zaidi ya 20 imepita, Tanzania haijafika. Tulikuwa tunaambiwa wafadhili wapo. Wafadhili hao walikuwa wanajaza nafasi iliyoachwa wazi na ahadi hiyo, na walipoondoka shimo likaonekana lilivyo. Azimio la Arusha lilituonya tangu 1967 kwamba kujiendesha kwa fedha za wengine kunahatarisha uhuru wa nchi. Tulifundishwa shuleni, tukaliimba. Waliosoma nasi madarasa yale ndio wanaopanga bajeti leo.

Kuna wakati tuliguswa mfukoni moja kwa moja. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu. Sisi wa vijijini simu ndiyo benki. Ukimtumia mama elfu kumi ya dawa, ilikuwa inakatwa. Watu walilalamika nchi nzima hadi ikapunguzwa. Tuliambiwa fedha zile zinajenga vituo vya afya na madarasa, na majengo kweli yakaonekana sehemu nyingi. Ndiyo maana tunauliza: kama shilingi zetu zinaweza kujenga kuta, kwa nini tusisomewe kila robo mwaka ni shilingi ngapi za kwetu zimenunua dawa? Mapato na matumizi ya kijiji yanasomwa kwenye mkutano kwa mujibu wa taratibu. Tunataka na ya zahanati yasomwe: dawa zilizoingia, zilizotoka, aliyezilipia. Kila kaya iliyochangia shilingi 30,000 za CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, kwa watu sita ina haki ya karatasi hiyo. Anayelipa bima akafika dirishani akaambiwa akanunue dawa duka la mtaani amelipa mara mbili, na huo ni ufadhili wa lazima anaoutoa yeye.

Halafu maafa. Masika ya 2024 tuliyaona wote. Maji ya Mto Lumemo yaliingia nyumba za watu Ifakara mjini, bondeni mashamba yakazama, barabara zikakatika. Nchini kote, Waziri Mkuu alisema bungeni mwishoni mwa Aprili, watu 155 walikuwa wameshafariki kwa mvua zile. Nani alikuwa wa kwanza kufika kwenye nyumba iliyozingirwa? Jirani mwenye mtumbwi. Nani alipika? Waliokuwa upande wa mwinuko. Vikundi vya vikoba vilitoa akiba ya jamii, misikiti na makanisa vikafungua milango, watoto wetu walioko Dar es Salaam na Morogoro wakatuma fedha kwa simu. Misaada ya magari ilikuja baadaye na tunaishukuru. Lakini kwenye orodha ya wafadhili wa maafa yale hutaliona jina la mwenye mtumbwi.

Watu wa Kagera wanajua kwa uchungu zaidi jinsi mtoaji anavyosahaulika. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipobomoa nyumba zao, Watanzania walichanga: makampuni, wanafunzi, mabalozi, watu wa kawaida. Waliochanga wengi walidhani wanawapa waliobomolewa. Serikali ikaja kusema haitamjengea kila mtu nyumba, fedha ziende kwenye shule, hospitali na miundombinu ya umma. Huenda ulikuwapo uhalali wa kihesabu. Lakini aliyechanga hakuulizwa, na aliyebomolewa hakuulizwa. Tangu hapo ukipita na daftari la mchango wa maafa, watu wanauliza swali moja kabla ya kutoa, na wana haki ya kuliuliza. Kama nchi inataka wananchi wake na matajiri wake wachukue nafasi ya wafadhili wa nje, ianze kwa kuponya jeraha lile: fedha ya mchango iwe na akaunti inayosomwa hadharani, na kusudi lake lisibadilishwe bila kuwarudia waliotoa.

Matajiri wetu nao tunawaambia kwa heshima. Mohammed Dewji alitia saini mwaka 2016 ahadi ya kutoa angalau nusu ya mali yake, na tunampongeza. Wengine wapo, wa viwanda vya sukari, wa mabasi, wa mchele huu huu wanaokuja kuununua kwetu debe kwa bei ya msimu na kuuuza mjini mara mbili. Wakitoa, mara nyingi wanatoa mbele ya kamera: mifuko ya saruji, hundi ya bango kubwa, siku ya sikukuu. Tunapokea, lakini tungeomba jambo lisilo na picha nzuri: mlipieni mhudumu mmoja wa jamii mshahara wa miaka kumi. Nunueni mtumbwi wa injini ukae kijijini. Gharimieni neti za shamba, zile za pili ambazo hakuna fomu inayozitambua. Na wanunuzi wa mpunga wakitumia mizani iliyo sawa, hatutawasumbua na daftari la mchango.

Hatusemi haya tukiwa tumekunja mikono. Kijiji chochote cha bonde hili kina kazi ya nguvu za wananchi: matofali yaliyofyatuliwa na watu, mchanga uliobebwa kichwani na akina mama, boma lililofika kwenye linta likasubiri halmashauri ipaue. Maboma mengine yanasubiri hadi miti inaota ndani. Huo ni mtaji wa watu maskini uliozikwa, na unapaswa kuhesabiwa kama unavyohesabiwa mtaji wa mfadhili, kwa tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.

Tunajua watafiti watarudi, maana mbu wapo na elimu juu yao haijaisha. Tayari tunasikia kuhusu utafiti unaofanywa nchini wa mbu waliobadilishwa vinasaba, ili siku moja wazaliane na hawa wa kwetu na wasiweze kubeba malaria. Huenda ndilo jawabu ambalo wazazi wetu walilitolea miguu. Mkija, tutawasikiliza, na tukielewa tutakubali kama tulivyokubali zamani. Lakini mkutano mkuu wa kijiji utakuwa na maswali kabla ya fomu ya ridhaa, na majibu yake tutayataka yaandikwe kwenye muhtasari, yapigwe muhuri wa mtendaji, nakala ibaki ofisini: matokeo tutasomewa lini na kwa lugha gani, kilichogunduliwa hapa kitatufikia kabla au baada ya kufika kwingine, na mradi ukifungwa katikati, fedha za kumaliza tulichokianza pamoja zimewekwa akaunti gani, kwa jina la nani.